Artichoki ya Afande

Mwaka ule wa Olimpiki, polisi wa Guangzhou walikuwa wanakagua pasipoti mpaka ungedhani wanazikusanya wakapike supu. Walikagua kwenye milango ya treni, kwenye ngazi za maduka, hata kwenye foleni ya choo. Mtaani Sanyuanli ilisimuliwa habari ya mtu mmoja wa Shinyanga aliyejificha siku tatu ndani ya robota la jeans, akafungwa kamba, akapakiwa, akafika bandari ya Nansha akiwa ameandikwa kwenye orodha ya mzigo kuwa ni suruali dazeni sita. Anayebisha akaulize Nansha.

Kwa hiyo watu walijiwekea sheria moja, na sheria yenyewe ilikuwa fupi: mlango ukigongwa, nyamaza. Zima redio, zima jiko, zima hata kikohozi. Mgongaji atachoka, atakwenda zake.

Felisia aliijua sheria hiyo kuliko wengi, kwa sababu alikuwa na sababu. Viza yake ilikwisha Jumatatu. Si kwamba alizembea. Aliomba kuongezewa mapema, pasipoti ikabaki ofisini, naye akapewa risiti ya kuonyesha polisi akisimamishwa. Risiti ile aliilaza chini ya mto kama mtoto mchanga. Lakini Alhamisi pasipoti ilikuwa tayari, na pasipoti haitoki bila risiti kuingia. Basi saa tatu asubuhi shemeji yake, Anatory, mdogo wa marehemu mumewe, aliondoka na risiti kwenda kuichukua. Tangu saa hiyo Felisia hakuwa na pasipoti, wala risiti, wala amani.

Akikutwa hivyo, hakuna hadithi. Ni gari la polisi, kituo, ndege, na marufuku ya kurudi miaka mitano. Na duka lake la nguo za watoto pale Bukoba lilikuwa kama kuku wa kizungu: usipolilisha kutoka Guangzhou wiki mbili tu, linakufia.

Tena aliyetumwa ni Anatory! Anatory ukimtuma chumvi anarudi na mbuzi, na chumvi amesahau.

"Yaya, kaa chini. Utatoboa sakafu ya watu," alisema Odette.

Odette alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mnunuzi wa simu, na makaratasi yake yalikuwa safi kama shuka la hoteli. Walipanga pamoja chumba na jiko, ghorofa ya sita, jengo lisilo na lifti. Alimwita Felisia yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa Felisia alimzidi miaka kumi. Asubuhi ile alikuwa amepanga mezani vitu sita vya kijani, vikubwa kama ngumi ya bondia, vyenye magamba yaliyolaliana na miiba kwenye ncha.

"Na haya nayo ni nini? Nanasi lililokosa mvua?"

"Artichoki, yaya. Masista wetu kule Lubumbashi walikuwa nazo bustanini. Mama mmoja wa Yunnan ananiuzia sokoni, anadhani ni maua ya kuweka mezani. Nikamwambia, laoban, bosi wangu, hii maua yako miye nitakula."

"Kula mbigili?"

"Shika mkasi. Mikono ikifanya kazi, roho inapumzika."

Ikawa hivyo. Odette alikata vikonyo, akakata ncha za juu kwa kisu cha mkate, kila tunda likabaki na upara. Felisia alikata miiba kwa mkasi, jani baada ya jani, huku Odette akipaka limau palipokatwa pasije pakawa peusi. Mtu aliyekulia Bukoba akinyonyoa senene mabawa na miguu, gunia zima, mmoja mmoja, hashindwi na kazi ya namna hiyo. Wakazitumbukiza kwenye sufuria la maji ya chumvi na vipande vya limau, wakafunika, wakaacha zichemke.

Zilipokuwa zinachemka wakatengeneza vya kuchovya. Odette aliyeyusha siagi na kitunguu saumu. Kisha akapiga mayonezi kwa mkono, kiini cha yai na haradali, mafuta yakidondoka tone kwa tone. Felisia naye hakukubali kushindwa jikoni: alikoroga rojo la karanga na pilipili, kisha akachanganya bakuli dogo la soya, siki nyeusi na tangawizi, alivyojifunza kwa mwenye nyumba. Saa sita na dakika chache, Odette alichomoa jani moja kwenye sufuria. Likachomoka bila ubishi.

"Zimeiva."

Felisia alikuwa amebeba sufuria kwa matambara mawili, anamwaga maji, mvuke umemjaa usoni, mawazo yake yote yako kwa Anatory. Ndipo mlango ukagongwa. Ko, ko, ko.

Na mdomo wake, ambao kwa miaka hamsini na miwili ulikuwa umefundishwa kitu kimoja tu juu ya mlango unaogongwa, ukamtangulia.

"Karibu! Karibu ndani!"

Odette aliweka mikono kichwani. Felisia aliganda na sufuria lake. Laiti neno lingekuwa na mkia, angelivuta likarudi kooni.

Kitasa kikazunguka. Mlango haukuwa umefungwa, maana Anatory ndiye aliyekuwa anangojwa.

Waliingia wawili. Wa kwanza alikuwa afande wa makamo, kitambi chake kimeingia sekunde mbili kabla yake, anahema kwa ngazi sita. Nyuma yake afande wa kike mwenye miwani, kijitabu mkononi, uso umekazwa kama ngoma.

"Huzhao," alisema afande. Pasipoti.

Odette alitoa yake. Miwani akaipitia ukurasa kwa ukurasa, akaandika, akairudisha. Kisha wote wawili wakamgeukia Felisia.

"Inakuja," Felisia alisema kwa Kiingereza chake cha sokoni. "Shemeji yangu ameifuata ofisini. Viza ipo. Kila kitu kipo."

"Risiti?" aliuliza Miwani, Kiingereza chake kimenyooka kama rula.

"Risiti imekwenda kuchukua pasipoti."

Miwani alimtafsiria mkubwa wake. Mkubwa akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa ameshasikia hadithi ya pasipoti iliyo njiani mara arobaini wiki ile, na pasipoti zote arobaini zilikuwa bado ziko njiani.

"Vaa viatu," alisema Miwani. "Tunakwenda kituoni. Wengine wako kwenye gari, chini."

Felisia akatua sufuria mezani. Mvuke wa limau ukapanda, ukamfikia afande puani, na pale pale jambo likatokea ambalo lingeweza kutokea Guangzhou tu. Wenyeji wenyewe hujisifu kwamba wanakula kila chenye miguu minne isipokuwa meza. Na huyu mtoto wa Guangzhou, mwenye kitambi cha ushahidi, alikuwa anatazama chakula asichokijua.

Akainama. Akanusa. Akauliza kwa Kichina, na Miwani, bila kupenda, akatafsiri: "Anauliza hiki ni kitu gani."

Felisia alimtazama Odette. Odette alimtazama Felisia. Hakuna aliyekonyeza, lakini walielewana.

"Ni chakula," Felisia alisema. "Na kwetu, mtu akikukuta unakula, haondoki bila kuonja. Akiondoka, ametulaani. Watoto hawatakua, migomba itakauka. Mwambie."

Miwani akatafsiri, pengine na migomba. Afande akacheka kidogo, akatazama saa yake, akainua kidole kimoja.

"Moja," alisema Miwani. "Akimaliza hiyo moja, unashuka naye."

Basi maisha ya Felisia yakawa yamebaki urefu wa artichoki moja. Akachagua ile kubwa kuliko zote.

Lakini mtu hali kwa mikono ya barabarani. Felisia alileta beseni, jagi la maji ya uvuguvugu, sabuni na taulo begani, akapiga goti kama anamnawisha baba mkwe. Akammwagia afande maji kidogo kidogo, kidole kwa kidole, mkono wa kulia, wa kushoto, akarudia wa kulia. Kisha Miwani, ambaye alikataa, kisha akanawa. Kisha Odette. Kisha Felisia mwenyewe.

Afande akanyoosha mkono. Felisia akaudaka hewani.

"Sala kwanza."

Akampa ishara avue kofia. Afande akavua, Odette akaipokea kwa heshima na kuiweka juu ya friji. Felisia akafumba macho. Kwa kawaida sala yake ya chakula haifiki hata mwisho wa pumzi moja, lakini siku ile alimshukuru Mungu kwa mkulima wa Yunnan, kwa maji, kwa gesi, kwa aliyebuni sufuria. Alimwombea afande, mke wa afande, mama wa afande na meno ya mama wa afande. Alimwombea Miwani apate mume asiyenywa. Alipofika kuwaombea wasafiri wote walioko njiani, hasa yule mmoja, wafike upesi wala wasitazame pembeni, sauti ilimkatika kwelikweli, na Odette akaitika "Amina" kwa nguvu ya kanisa zima.

Simu ikalia mfukoni mwa Felisia. Miwani akamtazama. Felisia akaipokea akitabasamu meno yote.

"Shemeji," ilisema sauti ya Anatory, na nyuma yake kelele za watu, "ninayo! Viza imegongwa, inang'aa. Sasa niko hapa soko la Zhanqian, nimekutana na jeans za watoto, shemeji, bei ambayo hutaamini..."

"Anatory, mpenzi," Felisia alisema kwa sauti ya asali, kama anayembembeleza mtoto mchanga. "Polisi wako mezani kwangu. Usipofika sasa hivi nitakuchuna ngozi, nikushonee hizo jeans."

Kisha mlio wa viatu vikikimbia.

"Anakuja," Felisia alimwambia Miwani.

Afande alikuwa anaigeuza artichoki yake, hajui mlango wake uko wapi. Odette akamwonyesha. Unachomoa jani moja, la nje kabisa. Unachovya mwisho wake, pale penye nyama. Unaliweka baina ya meno na kulivuta, nyama inabaki, jani unalitupa kwenye sahani. Basi. Kazi kubwa, chakula kidogo kama posho ya mjane.

"Inakulwaka mupole," Odette alisisitiza, akionyesha kwa kiganja. "Mupole, mupole."

Afande alichomoa jani, akachovya kwenye siagi, akavuta. Akafumba macho. Akachomoa la pili. La tatu. Felisia alikuwa anahesabu. Majani ishirini kwenye sahani, na dakika tano hazijaisha. Kisha mzee wa watu akavumbua siri: akashika majani matatu kwa mpigo, akayachovya yote, akayakokota menoni kama mtu anayechana nywele.

Alaa! Kwa mwendo ule artichoki isingefika hata robo saa. Odette akasogeza mayonezi mbele yake na kuivuta siagi.

"Siagi ni ya majani ya nje," alisema. "Safu hii inataka hii."

Uongo mtupu, masista wangemchapa. Lakini afande alitii, maana mtu akila kwa mwenyeji hufuata desturi za mwenyeji. Akaonja mayonezi kwa uangalifu, jani moja, akatafakari. Hakuipenda sana, na asichokipenda alikula polepole. Felisia akamshukuru Mungu kwa haradali.

Miwani naye alikuwa ameanza kuchomoa majani ya artichoki ya pili, kimya kimya, akijifanya anaandika.

Simu ikatetemeka. Ujumbe: *Mlango wa kutokea treni Sanyuanli wanakagua. Foleni ndefu. Yangu iko sawa lakini nikikutwa na yako je?*

Felisia alihisi jasho likimtembea mgongoni kama siafu. Mtu na pasipoti mbili, moja ya mwanamke! Watamweka pembeni mpaka jioni. Akaandika chini ya meza: *Rudi kituo cha nyuma. Njoo kwa miguu. Kimbia.*

Safu ya mayonezi ikaisha. Odette akaleta rojo la karanga. Kitambi kikacheka, karanga alizijua. Mwendo ukapanda tena, majani manne kwa mpigo. Felisia akaokoa jahazi kwa bakuli la soya na siki, akalisogeza mbele yake na kumwambia Miwani amweleze kwamba hii aliitengeneza kwa heshima ya Guangzhou, na anaomba ahukumu kama tangawizi imetosha. Hapo afande akaweka jani chini. Akaonja kwa ncha ya kidole. Akaonja tena. Akasema maneno mengi.

"Anasema tangawizi imezidi," alisema Miwani. "Na siki hii ni ya kaskazini. Anasema mama yake alikuwa anatumia..."

Akatafsiri mama mzima: siki yake, samaki wake, chungu chake cha udongo. Felisia aliuliza kila swali ambalo kichwa kilimpa. Mama yako alikuwa anakata tangawizi au anasaga? Chungu cha mfuniko au wazi? Alitazama mdomo wa Miwani, na kwa pembe ya jicho akatazama saa ya ukutani. Saa saba kasoro dakika tano.

Majani yalibaki kumi, laini, meupe, membamba kama karatasi. Afande aliyang'oa yote kwa mara moja kama kofia. Ndani kukabaki manyoya, kama ya kifaranga.

"Usile hayo!" Odette aliruka. "Inakabaka koo!"

Felisia akainyakua sahani. Akachukua kijiko cha chai, akaanza kuyakwangua manyoya kwa mkono wa mnyonyoa senene, unywele mmoja, unywele wa pili. Daktari anayetoa kibanzi machoni mwa mfalme hana taratibu ile. Miwani akasafisha koo. Akasafisha tena. Chini barabarani gari lilipiga honi mara mbili ndefu.

"Mama," alisema Miwani, "imetosha. Iko safi."

Ilikuwa safi. Moyo wa artichoki ulikaa kwenye sahani, mdogo, wa mviringo. Matonge mawili. Felisia alitazama mlango. Mlango haukusema kitu.

Kilibaki kitu kimoja. Nyuma ya unga, kabatini, kulikuwa na kopo lililofungwa kwa nailoni tatu: senene wa kukaanga, wa mwisho, waliotoka kwa mama yake Bukoba. Aliwatunza tangu Desemba. Siku ya huzuni alikuwa anakula watatu, si zaidi, na siku tatu zilizopita alikuwa hajala hata mmoja, akiogopa huzuni kubwa zaidi iko mbele. Odette aliishi naye chumba kimoja na hakuwahi kuonjeshwa.

"Mwambie moyo hauliwi hivi hivi," alisema. "Moyo una kitoweo chake."

Akashusha kinu kidogo. Akamwaga senene wote. Miwani akaona miguu, akarudi nyuma nusu hatua. Afande akaona miguu, akavuta kiti mbele. Felisia akatwanga. Akaongeza chumvi, pilipili mbichi, kitunguu, ndimu, akatwanga tena, na kila mchi ulipotua alisema moyoni: Anatory. Anatory. Anatory. Machozi yalikuwa yanamtoka, akasingizia kitunguu.

Akakitia kitoweo bakulini, na afande akachovya tonge la kwanza. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Uso wake ukawa wa mtoto.

"Hao chi," alisema taratibu. Tamu.

Akala la pili. Akafuta bakuli kwa kidole. Sahani ikawa tupu. Artichoki imekwisha.

Akasimama, akajipangusa, na huruma ikampita usoni lakini haikukaa. Akamwonyesha Felisia viatu vyake.

Felisia akavaa kimoja. Kamba ilikuwa na fundo, akalifungua, akalifunga upya. Akavaa cha pili. Odette alikuwa analia waziwazi sasa. Miwani akafungua mlango, wakatoka kwenye ngazi. Ghorofa ya tano. Ya nne. Felisia alishika ukuta, anashuka kwa kisigino, kama bibi harusi asiyempenda bwana.

Ghorofa ya tatu wakasikia kitu kinapanda. Kilikuwa kinahema kama mashine ya kukoboa mpunga. Kwanza ukatokea mkono, na mkononi kitabu kidogo cha kijani. Kisha Anatory, shati limelowa, kiatu kimoja tu mguuni.

"She... meji..." alisema, akaanguka magotini.

Miwani alikidaka kitabu. Akafungua. Akatazama picha, akamtazama Felisia, akatazama muhuri dhidi ya mwanga wa dirisha, akaukwangua kwa ukucha. Muda mrefu. Kisha akampa mkubwa wake, naye akashika ukurasa wa viza kwa kidole kile kile kilichofuta bakuli. Doa la mafuta likabaki pale, duara kamili, pembeni ya muhuri.

"Sawa," alisema Miwani, na uso ukalegea kidogo. "Miezi mitatu. Rudi juu."

Waliporudi, Anatory alitazama meza: mlima wa majani yaliyokokotwa, mabakuli manne yaliyorambwa.

"Mmekula bila mimi?"

"Kaa," alisema Felisia. "Kiatu kiko wapi?"

"Zhanqian. Kilinasa kwenye ngazi, nikaona nikirudi..."

"Basi leo umesahau kitu kinachofaa kusahauliwa." Akaingiza pasipoti kifuani, akaibana hapo kwa mikono miwili. Kisha akachukua artichoki mpya sufuriani, akamwekea shemeji yake, pamoja na siagi iliyobaki.

Ko, ko, ko.

Wote watatu wakaganda. Odette akaruka na kuuziba mdomo wa Felisia kwa kiganja kilichojaa siagi, macho yamemtoka. Ndipo Felisia, bado amezibwa, akaona juu ya friji ile kofia ya polisi, imetulia.

Akautoa mkono wa Odette taratibu, kidole baada ya kidole. Akalamba midomo yake.

"Karibu," alisema.